Kasoro inayojirudia na daftari ambalo mwenye gari halioni

Aprili 2018, Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliiamuru kampuni ya Ford nchini humo kulipa faini ya dola milioni 10 za Australia. Faini hiyo haikutolewa kwa sababu ya kutengeneza gari bovu. Ilitolewa kwa jinsi kampuni ilivyowajibu wateja waliorudi na Fiesta, Focus na EcoSport zao, magari yenye giaboksi iliyoitwa PowerShift, yaliyouzwa kati ya 2011 na 2015. Gari linatetemeka likianza kuondoka, linapoteza nguvu katikati ya barabara, linakwama kwenye gia. Mteja akifika gereji anaambiwa tatizo ni namna anavyoendesha.

Kesi ilifunguliwa na ACCC, tume ya ushindani na walaji ya Australia. Iliyobainika ni kwamba Ford ilikuwa inajua kuwa mtetemo ule ni dalili ya kasoro ya gari lenyewe, na bado wateja wakaendelea kubebeshwa lawama. Waliorudi gereji mara kwa mara walikataliwa kurudishiwa fedha. Baadhi yao walipewa mpango wa kubadilisha gari, lakini kwa sharti la kuongeza fedha nyingi kutoka mifukoni mwao, na baadhi ya magari waliyoyasalimisha yakauzwa kwa watu wengine bila kuelezwa yalikotoka na yalichokuwa nacho. Mwishowe kampuni ilikubali kwamba ilivyoshughulikia malalamiko kati ya Mei 2015 na Februari 2016 ulikuwa mwenendo dhalimu mbele ya sheria.

Jibu lile, kwamba ni namna unavyoendesha, linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndilo linalotolewa kila mahali na kila mara linafanya kazi. Linafanya kazi kwa kuwa mwenye gari ana gari moja tu. Hajui kama jirani wa mtaa wa pili ana mtetemo huohuo. Hana wa kujilinganisha naye, na anayezungumza naye ni mtaalamu aliyevaa sare ya kampuni, ana mashine ya kupimia na ana majibu. Mtu mwenye akili zake timamu anaondoka pale akiwa ameanza kutilia shaka mguu wake mwenyewe. Mtengenezaji kwa upande wake ana daftari la magari yote: vipuri vilivyoagizwa, madai ya waranti yaliyolipwa, klachi zilizobadilishwa mara ya pili na ya tatu. Anajua kabla ya mtu mwingine yeyote. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mgogoro wa wenye magari na watengenezaji ni mgogoro wa daftari hilo, na haki huanza kupatikana pale tu sheria inapolazimisha lifunguliwe au inapowapa wateja uwezo wa kuandika la kwao.

Tuitazame giaboksi yenyewe, maana ndani yake kuna somo. PowerShift ina klachi mbili, moja ikishika gia za namba witiri na nyingine gia za namba shufwa, kompyuta ikiziamuru zipokezane. Toleo lililowekwa kwenye magari haya lilikuwa la klachi kavu, yaani klachi ambazo hazizami kwenye oili. Faida yake ni wepesi na kuokoa mafuta. Lakini klachi kavu ikipata oili imekwisha, na sili zilizotakiwa kuzuia oili isiifikie zilikuwa zinavuja. Hapo gari likienda polepole, kama tunavyokwenda kwenye foleni, klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia, na gari zima linatikisika. Juu ya hilo, kompyuta inayoendesha giaboksi nayo ilikuwa na kasoro zake, na ikikatika mawasiliano gari linaweza kuzimika nguvu likiwa barabarani.

Sasa gereji inafanya nini? Inafungua, inatoa klachi iliyochakaa, inaweka mpya ya aina ileile, nyuma ya muundo uleule. Gari linatoka likiwa laini, mteja anashukuru, na baada ya miezi kadhaa mtetemo unarudi. Matengenezo ya namna hii hayaponyi kitu. Yanasogeza tarehe, na tarehe ikisogezwa vya kutosha waranti inakwisha na bili inahamia kwa mteja. Ndiyo maana kasoro inayojirudia ni jambo tofauti kabisa na gari kuharibika. Chombo chochote kinaweza kuharibika, na muuzaji akakitengeneza, watu wakasameheana. Kasoro ikirudi mara ya tatu baada ya matengenezo ya kampuni yenyewe, kampuni imeshathibitisha kwa mikono yake kwamba haina tiba.

Marekani, magari ya giaboksi hiyohiyo yaliwahusu wamiliki na watu waliokodi magari hayo takriban milioni 1.9, walioingizwa katika kesi moja ya pamoja. Mwaka 2019 gazeti la Detroit Free Press lilichapisha uchunguzi ulioegemea nyaraka za ndani na maelezo ya wahandisi, ukionesha kwamba ndani ya kampuni watu walionya juu ya giaboksi hiyo kabla magari hayajaingia sokoni. Makubaliano ya kesi yalifikiwa bila Ford kukiri kosa, na kilichonivutia mimi ni fomula ya malipo. Malipo ya fedha taslimu yalianza na ziara ya tatu ya gereji iliyohusisha kubadilisha kipuri, kwa dola 200, yakapanda kwa kila ziara iliyofuata hadi kufikia jumla ya dola 2,325. Kwa maneno mengine, mahakama na mawakili walikubali kwamba kipimo cha madhara ni idadi ya mara mtu alizorudi gereji.

Fomula hiyo ina maana kubwa kwa karatasi moja ambayo wengi wetu huitupa kwenye buti ya gari au hatuichukui kabisa: kadi ya kazi ya gereji. Mteja akieleza tatizo mlangoni kwa mdomo, msimamizi akazunguka naye gari dakika kumi, akamwambia haoni kitu, na asifungue kadi, basi ziara hiyo kisheria haikutokea. Kadi ikifunguliwa lakini ikaandikwa tu "gari limejaribiwa, liko kawaida", imegeuka ushahidi dhidi ya aliyeileta. Kwa hiyo anayepeleka gari lenye kasoro inayojirudia asikubali kuondoka bila karatasi iliyoandikwa maneno yake mwenyewe: gari linafanya nini, kwenye mwendo gani, likiwa limesafiri kilomita ngapi, lini liliingia na lini lilitoka. Siku gari lilizolala gereji ni muhimu kama idadi ya ziara.

Ni muhimu kwa sababu sheria bora katika eneo hili zote ni sheria za kuhesabu. California inahesabu: ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo, kasoro ileile ikijaribiwa kutengenezwa mara nne, au mara mbili kama inaweza kuua, au gari likikaa gereji zaidi ya siku 30 kwa jumla, sheria inachukulia kwamba mtengenezaji amepewa nafasi ya kutosha, na anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo ni yeye. China ilifuata njia hiyo Oktoba 2013. Kanuni zake za mwanzo zilisema kwamba ndani ya miaka miwili au kilomita 50,000, kasoro moja ikitengenezwa zaidi ya mara tano, au gari likilala gereji zaidi ya siku 35, mteja ana haki ya kubadilishiwa gari. Kuanzia Januari 2022 viwango hivyo vikakazwa hadi mara nne na siku 30.

Uzuri wa sheria ya kuhesabu ni kwamba inamwondolea mteja mzigo asioweza kuubeba. Hahitaji kuajiri mhandisi wa kueleza kwa nini sili inavuja. Anahitaji karatasi nne. Ubishi wote kuhusu mguu wake unakufa, kwa sababu sheria haiulizi kasoro imetoka wapi, inauliza imerudi mara ngapi.

China yenyewe inafundisha pia kwamba hesabu bila sauti haitoshi. Wenye magari ya Volkswagen yenye giaboksi ya DSG, nayo ya klachi mbili kavu, walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu, na kampuni ikawa imewaongezea waranti hadi miaka 10 au kilomita 160,000. Gari linalopoteza nguvu barabarani halifanywi salama na waranti ndefu. Tarehe 15 Machi 2013, televisheni ya taifa ikalitoa jambo hilo kwenye kipindi chake cha kila mwaka cha haki za walaji. Ndani ya siku chache mamlaka ya ubora ikaitaka kampuni iyaite magari yarudi kurekebishwa, na zaidi ya magari 384,000 yakaitwa. Hakuna kilichobadilika ndani ya giaboksi kati ya tarehe 14 na 20 Machi. Kilichobadilika ni kwamba kila mwenye gari alijua hayuko peke yake.

Wasomaji wengi hapa hawana Focus wala DSG. Wana Toyota, na kama ni ofisi ya serikali, shirika au kampuni ya utalii, huenda wana Hilux, Prado au Fortuner ya dizeli. Basi wajue kwamba Australia Toyota nayo ilishtakiwa kwa kesi ya pamoja kuhusu magari hayo hasa, 264,170 kwa idadi, yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Kasoro ilikuwa kwenye mfumo wa kichujio cha masizi, DPF kama mafundi wanavyokiita. Gari likiendeshwa kwa kasi ya barabara kuu mara kwa mara, kichujio hakikuweza kujisafisha inavyotakiwa. Likawa linatoa moshi mweupe, linanuka, linawasha taa za onyo na kumrudisha mtu gereji. Tiba iliyofanya kazi ilipatikana 2020, miaka karibu mitano baada ya magari kuanza kuuzwa.

Ukiuliza watu wa Dar es Salaam au Nairobi watakwambia Toyota haifi, na kwa sehemu kubwa wana haki ya kusema hivyo. Sifa hiyo ndiyo iliyofanya kesi ile iwe na uzito kwangu. Mahakama haikujali sifa. Iliuliza kama gari lile, siku lilipouzwa, lilikuwa na ubora ambao mnunuzi wa kawaida angeukubali kama angejua yote. Mwaka 2022 jaji akasema hapana, na akapima hasara: thamani ya gari ilikuwa pungufu kwa asilimia 17.5. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaishusha hadi asilimia 10. Shauri likafika mahakama ya juu kabisa ya nchi, pamoja na lile la wamiliki wa PowerShift, na Novemba 2024 majaji wakaeleza kwamba upungufu wa thamani unapimwa kwa siku gari lilipouzwa.

Hilo la siku ya mauzo ni jambo zito kuliko asilimia zenyewe. Kampuni hupenda kusema: tumekutengenezea bure, sasa unadai nini? Sheria ya Australia inajibu kwamba ulilipa bei ya gari zima ukapewa gari pungufu, na tofauti ile ni fedha yako, achilia mbali miaka uliyopigwa danadana. Sijui mwenye daladala au teksi ambaye haelewi hesabu hiyo papo hapo. Siku gari limelala gereji, marejesho ya mkopo hayalali.

Sasa tuje nyumbani, na nianze na yanayotoka kwa mawakala rasmi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Tanzania tuna Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, yenye jukumu la kumlinda mlaji dhidi ya mwenendo wa udanganyifu sokoni. Kanuni za mashauri ya madai za nchi zote mbili zinaruhusu watu wenye dai moja kuwakilishwa na wachache wao kwa niaba ya wote. Kwa hiyo milango ipo. Kinachokosekana ni ile sheria ya kuhesabu. Hakuna kifungu ambacho mteja wa Arusha anaweza kukiweka mezani na kusema: hii ni mara ya nne, sasa ni zamu yenu kunieleza. Anabaki na maneno kama "ubora unaostahili", na maneno hayo yanahitaji wakili, mtaalamu na miaka.

Kinachokosekana pia ni daftari la wazi. Marekani mtu yeyote anaweza kuwasilisha lalamiko la usalama wa gari kwa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na lalamiko hilo linachapishwa, likisomwa na wamiliki wengine, waandishi na mawakili. Tume zetu hupokea malalamiko pia, lakini lalamiko lililoingia kwenye faili la ofisi moja halimsaidii mwenye gari kama lile katika mkoa mwingine. Yachapishwe, bila majina ya watu, kwa aina ya gari, mwaka wake na kasoro yake. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kinachopatikana.

Kuhusu kasoro kuvuka mipaka, historia ina mfano ulioanzia kwenye joto la Saudi Arabia. Mwaka 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi ya Firestone kwenye magari ya Explorer huko, baada ya matairi kubanduka juu ya lami ya moto. Wamarekani waliokuwa na matairi ya kampuni ileile chini ya gari lilelile hawakuambiwa. Wito wa matairi milioni 6.5 Marekani ulikuja Agosti 2000, na vifo vilivyohusishwa nayo nchini humo vilizidi 200. Bunge la Marekani lilikasirika, na mwaka huohuo likapitisha sheria inayomtaka mtengenezaji airipoti serikalini ndani ya siku tano za kazi kila hatua ya usalama anayoichukua nchi nyingine kwa gari au kifaa kinachofanana. Sioni sababu hata moja ya kifungu kama hicho kutokuwepo katika sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakala anayeuza Hilux mpya Dar es Salaam anaweza kutakiwa, kama sharti la leseni, kuripoti kila wito unaotolewa na mtengenezaji wake popote duniani.

Lakini magari mengi yanayopita Ubungo au Thika Road hayakuuzwa na wakala yeyote wa hapa. Yalitoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yakashushwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, na kwa mtengenezaji mwenye gari huyu si mteja wake. Hakumuuzia. Hana anwani yake. Barua ya wito, kama ilitumwa, ilikwenda kwa mmiliki wa kwanza kule Nagoya au Osaka.

Hili si suala la mtetemo tena, ni la maisha. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofumuka ajalini, ilifungwa kwenye mamilioni ya magari, zikiwemo Corolla, Vitz na Honda Fit za miaka ya 2000 ambazo ndizo uti wa mgongo wa usafiri wetu. Kemikali ya kufumusha mfuko, amonia naitreti, inaharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi. Mfuko ukifumuka, kasha la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande kwa dereva. Marekani pekee wito ulihusu vifumushio vipatavyo milioni 67. Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa la jinai, na ikafilisika Juni mwaka huo. Nje ya Marekani, Malaysia ilipoteza watu kwa kasoro hii, nchi ya joto na unyevunyevu. Fikiria sasa Vitz iliyokaa miaka kumi Tanga, Unguja au Mombasa.

New Zealand ilikuwa kwenye hali kama yetu: usukani kulia, magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, wamiliki wasiojulikana kwa mtengenezaji. Aprili 2018 serikali yake iliamuru wito wa lazima kwa magari yenye aina hatari zaidi ya mifuko hiyo, na amri ikayajumuisha yale yaliyoingizwa yakiwa yametumika. Wawakilishi wa watengenezaji walibeba jukumu la kubadilisha mifuko kwenye magari ambayo hawakuyauza wao. Hoja ya "si mteja wetu" ilikataliwa na serikali, na kazi ikafanyika.

Tunachohitaji ili kufuata njia hiyo tunacho tayari. Kila gari linaloingia Tanzania linasajiliwa TRA, mamlaka ya mapato, kwa namba ya chesisi, kwa sababu ya kodi. Kampuni za Japani zina kurasa ambapo ukiingiza namba ya chesisi unaambiwa kama gari lina wito ambao haujatekelezwa. Serikali ikiomba orodha hizo kwa kampuni na kuzilinganisha na usajili wake, itajua ni magari mangapi, ya nani, na yako mikoa gani, na itakuwa na idadi ya kuwekea mezani kwa mtengenezaji badala ya kumwachia kila mmiliki aende peke yake kwenye gereji ya wakala na kadi yake ya gari mkononi. FCC na TRA wakae pamoja waanze na Takata. Kwa magari yanayosubiri kusajiliwa, ukaguzi wa namba ufanyike kabla ya kibao cha namba kutolewa, na lenye wito ambao haujatekelezwa litengenezwe kwa gharama ya aliyeliingiza sokoni.

Wakati hayo yanasubiriwa, mwenye Vitz, Fit au Corolla ya miaka ile atoe kadi yake, anakili namba ya chesisi, na amwombe mtu anayesoma Kijapani au atumie programu ya kutafsiri kwenye simu aiangalie kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Jibu likionesha kuna wito, alichapishe na kulipeleka kwa wakala kwa maandishi, nakala kwa FCC, na asikubali kujibiwa kwa mdomo.